Kuorodhesha ndege wa mtaa kabla miti haijakatwa (Mbezi Beach, Dar)

MkaziMbezi

Wakuu, habari za jumapili.

Huku kwetu Mbezi Beach kamati ya mtaa imepanga kupunguza miti na kusafisha korongo linalopita nyuma ya nyumba. Eneo lenyewe ni nyumba kama 120, barabara tatu za ndani, miembe, mikungu, miarobaini, minazi ya zamani na ua mwingi wa michongoma. Korongo lina matete. Masika hujaa maji, kiangazi hubaki madimbwi. Kamati imekubali kusubiri endapo tutaleta maelezo yanayoeleweka: ndege gani wapo, wanatagia wapi, na mti upi ukiondoka watakosa nini.

Tuko sita tuliojitolea. Wawili wanawajua ndege vizuri, wanne ndio wanaanza. Darubini ipo moja ya zamani, nayo imeingia ukungu ndani. Naomba msaada: tuhesabu vipi ili takwimu zisimame mbele ya kamati? Tununue darubini gani? Kunguru wamejaa, tuwafanyeje? Kuna majirani pia wanataka kuweka chakula na maji ya ndege uani, ni sawa? Na tuwapeleke wapi karibu na hapa hawa wanaoanza, wazoee na ndege wa pwani?

---

Dudumizi

Mkuu, hizo ni kazi mbili na msizichanganye. Orodha ya aina inasema nani yupo. Mnaweza kuijaza saa yoyote, hata mtu akiwa anafua uani. Hesabu ya vituo ndiyo itakayoibeba hoja yenu kwenye kamati, na hiyo ina masharti.

Kwa nyumba 120 hamtapata zaidi ya vituo vitano au sita, kwa sababu kila kituo kinatakiwa kiwe mita 200 kutoka kingine. Mkivisogeza karibu zaidi, shore anayeimba kituo cha kwanza atasikika tena cha pili na mtamhesabu mara mbili. Pimeni umbali kwa simu, wekeni vitatu barabarani na viwili au vitatu kando ya korongo, kisha wekeni alama ya rangi kwenye nguzo au ukuta ili kila siku msimame mahali pale pale.

Jua la Dar huchomoza kati ya saa kumi na mbili kamili hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, kutegemea mwezi. Anzeni ndani ya nusu saa baada ya hapo na mmalize kabla ya saa tatu. Joto likishapanda ndege hunyamaza na kujificha kwenye majani, na hesabu ya saa nne haifanani kabisa na ya saa moja hata kama ndege ni wale wale. Kwa hiyo wiki hii mkianzia kituo cha kwanza, safari ijayo anzieni cha mwisho. La sivyo korongo litaonekana halina ndege kumbe mnalifikia wakiwa wamechoka.

Mkifika kituoni, simameni kimya dakika mbili bila kuandika chochote, ndege waliostuka warudi. Halafu hesabuni dakika kumi kamili. Mmoja anaangalia na kusikiliza, mwingine anaandika na kushika saa. Anayeanza awe mwandishi. Atajifunza haraka kuliko akipewa darubini, maana analazimika kusikiliza kila jina na kuuliza sababu. Wajuzi wenu wawili wakipokezana, andikeni nani aliangalia siku gani. Masikio hayalingani, na tofauti ya watu inaweza kuonekana kama tofauti ya ndege.

Kwa kila ndege andikeni aina, idadi, kama yuko ndani ya mita 50 au nje, kama ameonekana au amesikika tu, na (kwenu hii ndiyo muhimu kuliko zote) yuko kwenye mti gani na anafanya nini. Tumieni herufi: K anakula, I anaimba, J anabeba majani au nyuzi za kujengea, C anabeba chakula mdomoni bila kukimeza, P anapita tu angani. C ina thamani kubwa. Ndege mwenye kiwavi mdomoni anayezunguka mti mmoja bila kukila ana makinda karibu, hata kama kiota hamkioni. Wenye alama ya P wawekeni safu yao peke yao. Yangeyange ishirini wanaoelekea baharini asubuhi hawautumii mwembe wenu.

Kundi linalozunguka msihesabu mara kwa mara na kujumlisha. Andikeni idadi kubwa kabisa mliyoiona kwa mpigo mmoja. Kuzumburu (*Colius striatus*) hasa watawachanganya: hutoka kichaka kimoja kuingia kingine mmoja mmoja wakifuatana, kisha hurudi vilevile.

Kituo kikikosa ndege, andikeni sifuri. Karatasi tupu na karatasi yenye sifuri ni vitu viwili mbele ya kamati. Mvua ikinyesha au upepo ukitikisa matawi makubwa, ahirisheni.

Marudio: asubuhi nne kwa kila msimu ndiyo kima cha chini. Mkihesabu kiangazi peke yake mtakosa karibu habari yote ya viota kwenye matete, kwa sababu mnana (ndege wanaofuma viota) hujenga mvua zikishaanza, Machi hadi Mei na wengine tena kwenye vuli. Na kati ya Septemba na Aprili mna wageni kutoka kaskazini, kama mbayuwayu wa Ulaya (*Hirundo rustica*) na keremkerem wa Ulaya (*Merops apiaster*), ambao Juni hamtawaona.

Hesabu zote ziingizeni eBird (mtandao wa kuhifadhi orodha za ndege) kama orodha kamili, yaani mmeandika kila aina mliyoitambua na si zile mlizozipenda. Kila kituo orodha yake, dakika kumi, aina ya "kusimama mahali pamoja". Jina la mahali liwe la mtaa au korongo, lisiwe la nyumba ya mtu. Kiota cha bundi msikitangaze popote, wala kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Bado wapo watu wanaomuua bundi kwa imani tu, na hali yeye ndiye anayewapunguzia panya.

---

LenziSafi

Nijibu la darubini.

Nunueni 8x42. Nane ni ukuzaji, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. Kwa 10x42 ni 4.2. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu chini ya mwembe mzito tofauti hiyo inaonekana wazi. Ukuzaji wa kumi unakuza pia mtetemo wa mkono na unapunguza upana wa eneo unaloliona, na ndege wa bustani hawatulii. Anayeanza akiwa na 10 hutumia muda wake akimtafuta chozi (yule ndege mdogo wa kunyonya maua) aliyekwisha kuruka.

Zile za 20x50 na zile za kukuza kwa kuvuta (mnaona zimeandikwa 10-30x) ziacheni dukani. Picha ni nyembamba, ina giza, na bila mguu wa kuisimamishia hamtaona kitu.

Dukani fanyeni majaribio matatu kabla ya kulipa. Moja, shikeni darubini umbali wa sentimita 30 hivi kutoka usoni mkiielekeza kwenye mwanga, muangalie yale maduara mawili ya mwanga kwenye lenzi za macho. Yawe ya mviringo kamili. Yakiwa na pembe kama mraba, vioo vya ndani ni vya daraja la chini na kingo za picha zitakuwa na giza. Mbili, angalieni mstari ulionyooka ulio mbali, kama waya wa umeme au paa. Mkiona mistari miwili, au macho yakianza kuuma baada ya dakika moja, mapipa mawili hayako sambamba. Hiyo haitengenezeki kwa urahisi, rudisheni. Tatu, jaribuni kuona kitu kilicho mita tatu. Darubini ambayo haioni karibu itawanyima chozi kwenye ua la jirani. Mwenye miwani aulize nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na lenzi. Iwe milimita 15 au zaidi, na vikombe vya macho vishushwe.

Wengi hununua darubini nzuri kisha wanaitumia bila kuirekebisha. Kunjeni bawaba mpaka mwone duara moja. Fumbeni jicho la kulia, tumieni gurudumu la katikati mpaka kibao cha mbali kisomeke kwa jicho la kushoto. Bila kuligusa tena hilo gurudumu, fumbeni la kushoto na zungusheni pete iliyo kwenye lenzi ya kulia mpaka kibao kile kile kisomeke. Kumbukeni alama ya pete ilipo, maana kila mtu ana yake. Kwa watu sita kwenye darubini moja, bandikeni utepe wenye majina na alama zao.

Hiyo ya zamani ielekezeni kwenye mwanga mkiichungulia kwa upande wa lenzi kubwa. Kama ni mvuke ulioenea sawasawa, iwekeni kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na gramu 100 au zaidi za silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) kwa siku kadhaa, huenda ikakauka. Kama mnaona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hula rangi ya kinga ya lenzi. Kuikausha kutaizuia isiendelee lakini haitaondoka bila fundi kufungua. Darubini ya bei ndogo haistahili gharama hiyo.

Mpya pia ihifadhiwe hivyo hivyo, pwani unyevu hauna huruma. Silika ikishabadilika rangi (ya bluu huwa waridi, ya machungwa huwa kijani) ikausheni kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili tatu, kisha irudisheni. Msiiache darubini ndani ya gari juani. Baada ya kutoka ufukweni, kwanza pulizeni vumbi na mchanga, kisha pitisheni kitambaa laini chenye unyevu kuondoa chumvi, mwisho kitambaa cha lenzi. Anayefuta lenzi kwa shati anasugua mchanga kwenye kioo.

Kwa fedha ya kununua moja ya bei kubwa, bora mbili za wastani. Watu sita, darubini moja, wanne watakuwa wasikilizaji tu.

---

Bi_Kunduchi

Wanangu, kwanza hakikisheni ni kunguru yupi. Mwenye shingo ya kijivu na mwili mwembamba ni kunguru wa Kihindi, *Corvus splendens*, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuenea pwani yote. Mwenye kifua na shingo nyeupe kama fulana ni kunguru wetu wa asili, *Corvus albus*. Ni mkubwa zaidi. Huyo wa pili msimguse. Kwenye karatasi waandikeni mbalimbali, maana "kunguru 40" haisemi kitu.

Huyu wa kijivu hula mayai na makinda ya ndege wengine, na hufukuza hata mwewe kwa kundi. Lakini idadi yake inafuata taka. Kabla hamjafikiria njia nyingine, tembeeni mtaa saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni mkihesabu kunguru waliopo kila penye taka wazi: jalala, nyuma ya mgahawa, banda la kuchinjia kuku, mifuko iliyowekwa nje usiku wa kuamkia siku ya gari la taka. Mtakuta wengi wako sehemu mbili tatu tu. Mapipa yawe na vifuniko vizito au vya kufungwa kwa kamba (chepesi kunguru anakinyanyua), mifuko itoke asubuhi ile ile gari linapokuja, matumbo ya kuku yafukiwe sentimita 40 kwenda chini. Kisha rudieni hesabu hiyo hiyo baada ya mwezi.

Sumu msitie. Wapo watu wanaochanganya dawa ya panya au ya mimea na nyama. Anakufa mwewe, anakufa paka, anakufa bundi aliyekula panya, na mtoto akiokota je? Dawa inayotumika rasmi kwa kunguru, DRC-1339, hutumiwa na wataalamu kwa kibali cha serikali, baada ya kuwazoesha kunguru chakula kisicho na dawa mahali pamoja na kuangalia kama kuna ndege wengine wanaokuja. Kenya nayo ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kupunguza kunguru milioni moja kupitia shirika lake la wanyamapori. Ni kazi ya mamlaka, si ya kamati ya mtaa. Mkitaka mitego ya vizimba, pitieni ofisi ya maliasili ya manispaa.

Chakula uani: nasema hapana. Ubwabwa na ugali vinavyomwagwa huliwa na kunguru, shomoro na panya. Chozi hali ubwabwa, shore anataka matunda na wadudu. Mnajenga jeshi la yule mnayemlalamikia. Na maji pia mimi singeweka. Dar tumepata milipuko ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye vyombo vidogo vya majumbani kama hivyo.

---

FundiMiti

Kwenye chakula niko na Bi Kunduchi moja kwa moja. Kwenye maji naomba nitofautiane naye kwa heshima. Kiangazi korongo likikauka, maji ndiyo yanayoleta ndege ambao hawaji kwa kitu kingine, na mbu anadhibitika mkijua anavyofanya. *Aedes*, huyo mbu wa dengi, hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mwageni kila asubuhi na sugueni kingo kwa brashi ngumu. Kutoka yai kuwa mbu kamili huchukua wiki moja hivi, kwa hiyo chombo kinachosuguliwa kila siku hakitoi mbu. Mwenye nyumba asiyeweza kufanya hivyo kila siku asiweke, hapo nakubaliana na mama.

Chombo kiwe kipana sentimita 40 hivi, kina chake sentimita 3 hadi 5, ndani kikwaruze. Sahani ya plastiki inateleza na ndege wadogo hawatui. Wekeni jiwe moja katikati. Kiinueni mita moja au zaidi, mita mbili tatu kutoka kichakani: ndege apate pa kukimbilia lakini paka asipate pa kuvizia. Mara moja kwa wiki kipakeni mchanganyiko wa jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kiache dakika kumi, suuzeni sana, kikauke juani.

Sasa miti, ambayo ndiyo shida yenyewe. Kila mti wa mtaa upewe namba na ramani. Kwa kila namba andikeni aina ya mti, una tundu au hauna, una kiota au hauna, na herufi za Dudumizi zilizoandikwa hapo. Karatasi hiyo ndiyo mtakayoipeleka kwenye kamati, kwa sababu inajibu "mti namba 17 ukatwe au usikatwe". "Ndege ni muhimu" haimjibu mtu mwenye msumeno.

Minazi: msiruhusu makuti makavu yote yashushwe kwa mara moja. Teleka wa minazi (*Cypsiurus parvus*) hubandika kiota chake kidogo, na mayai yenyewe, kwa mate upande wa chini wa kuti linaloning'inia. Kuti likishuka na familia imeshuka. Yaliyo juu ya njia na paa za watu yashusheni kwa ajili ya usalama, mengine yabaki.

Miembe mizee: gongeni shina, angalieni matundu. Hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu kwa udongo na kinyesi, akabaki na mwanya mwembamba tu ambao dume humpitishia chakula. Kwa nje utaona tundu lililozibwa na utadhani halina kitu. Ukikata, unakata na ndege ndani. Mkiona dume anarudi kwenye shina moja mara kwa mara na tunda mdomoni, wekeni alama nyekundu. Tawi au shina lililokufa nalo lina kazi, kigong'ota hachimbi kwenye mti mbichi mgumu. Kama haliangukii nyumba, kateni juu na kuacha kisiki cha mita mbili au tatu.

Michongoma ipunguzwe upande mmoja kwa mwaka, mwingine uachwe. Viota vidogo vya majani makavu huwa ndani kabisa penye miiba na mashine ya kukatia haiviangalii.

Korongo: linahitaji kusafishwa ili lisizibe, hilo msilipinge, mtaonekana mnapendelea mafuriko. Ombeni kwamba taka zitolewe zote, mkondo wa katikati usafishwe, lakini matete yakatwe theluthi moja kwa mwaka kwa vipande vya mita 20 kupishana. Na tarehe: kwa mnana, tangu yai litagwe hadi kinda liruke ni karibu mwezi mzima. Kwa hiyo kipande chochote kisikatwe mpaka zipite wiki tano tangu siku mlipoona ujenzi wa mwisho.

Siku ya kukata, mtu mmoja wenu asimame dakika 15 chini ya kila mti kabla fundi hajapanda. Mwambieni fundi mapema, ili asije akawaona mnamchelewesha.

---

MkaziMbezi

Asanteni sana wakuu, na Bi Kunduchi shikamoo. Hii ya kupa miti namba tunaianza wiki hii.

Maswali mawili yamebaki. Mnana kwenye matete wako wa aina zaidi ya moja na majike yote yanafanana, tuandike nini? Na viota: vipo vingi sana, vingine vimekauka. Vyote vihesabiwe?

---

Dudumizi

Msihangaike na majike. Tambueni koloni kwa madume yakiwa na rangi za kuzaliana. Dume la njano tupu lenye uso wa machungwa kidogo na jicho jekundu, bila barakoa, ni *Ploceus subaureus*. Mwenye barakoa nyeusi inayopanda hadi utosini na jicho jeupe ni *Ploceus intermedius*. Mwenye kichwa cheusi chote, jicho jekundu na mgongo wa madoa meusi na njano ni *Ploceus cucullatus*. Huyu ni mkubwa na ndiye hasa anayechana majani ya minazi. Jicho ndilo la kuangalia kwanza, na ndiyo sababu mnahitaji darubini inayopitisha mwanga. Nje ya msimu, dume likishapoteza rangi, andikeni "*Ploceus*, aina haikujulikana" na idadi. Jina la kubahatisha litawaharibia orodha nzima siku mtu anayejua akiisoma.

Viota vigawanyeni mara tatu. Vya kijani vinavyojengwa: dume anavifuma, huenda jike akavikataa na dume akavibomoa. Vyenye jike anayeingia na kutoka: hivyo ndivyo vyenye mayai au makinda, na ndivyo vya kupeleka kwenye kamati. Vya kahawia visivyoingiwa na ndege: vihesabuni safu ya pekee, ila msiseme vimeachwa mpaka mmeviangalia nusu saa, maana ndege wadogo wa jamii ya tongo wakati mwingine hukaa kwenye viota vikuukuu vya mnana. Simameni mita 15 au zaidi. Kunguru wa kijivu akiwa karibu msisogelee kabisa, mnamwonyesha njia.

Kwenye koloni mtamsikia pia *Chrysococcyx caprius*, kekeo wa kijani mwenye madoa meupe, anayetaga kwenye viota vya mnana. Akiwepo, mnafanya vizuri kumwandika na saa yake. Ni dalili kwamba koloni lina mayai wiki hiyo.

Jambo jingine kwa wanaoanza: programu ya simu ya kutambua ndege iitwayo Merlin ni nzuri kwa kupunguza uwezekano, na pakiti ya ndege wa kanda yetu inashushwa bure. Lakini kwa sauti inatambua baadhi tu ya ndege wetu. Ikitaja jina, mtafuteni ndege kwa macho kabla hamjaandika. Na msicheze sauti iliyorekodiwa ili kumwita ndege karibu na kiota. Dume huacha kazi yake kuja kupigana na simu.

---

MajiKujaa

Kuhusu pa kuwapeleka wanaoanza: mashamba ya chumvi ya Kunduchi na mikoko yake, hapo hapo jirani. Lakini nendeni kwa maji, si kwa nafasi yenu. Maji yakipwa ndege wa ufukweni wametawanyika kwenye matope mbali sana, mtaona nukta. Yakijaa matope hufunikwa na wao hukusanyika kwenye mabwawa ya chumvi kupumzika, wengi mahali pamoja, mita 40 au 50 kutoka kwenu. Muda mzuri ni saa moja kabla maji hayajajaa hadi saa moja baadaye.

Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa saa kumi hivi, alfajiri na alasiri. Kwa hiyo panga alasiri ya bamvua, jua likiwa nyuma yenu, maana mkilitazama wote watakuwa vivuli vyeusi. Maji mafu hujaa karibu na saa nne tano za asubuhi, ila hayapandi vya kutosha kuwasukuma wote watoke kwenye matope.

Nendeni kati ya Septemba na Aprili. Anzeni na wakubwa wanaotambulika kwa umbo: *Dromas ardeola*, mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, na sululu mwenye mdomo uliopinda. Wale wadogo wa kijivu waacheni mpaka safari ya pili; wanafanana na watawakatisha tamaa wanaoanza. Mfundisheni mtu kuangalia kwanza urefu wa mdomo ukilinganisha na kichwa, kisha rangi ya miguu, kisha mgongo akiruka.

Ombeni ruhusa kwa wenye mashamba ya chumvi kabla ya kuingia, na tembeeni juu ya kingo zilizoshindiliwa tu. Kingo laini zikibomoka, maji ya chumvi yao yanamwagika. Mikoko ni hifadhi ya serikali chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), msivunje tawi hata la kujifichia. Upande huo kuna maeneo ya jeshi pia: darubini na kamera zisielekezwe huko hata ndege akitua juu ya ukuta wake.

Mtaani kwenu nako, kabla ya asubuhi ya kwanza, chukueni barua ya serikali ya mtaa yenye majina ya wote sita na siku za kuhesabu, nakala kwa mjumbe na kwa kampuni ya ulinzi. Mtu mwenye darubini saa kumi na mbili asubuhi akiangalia juu ya ukuta wa nyumba hana maelezo yatakayomridhisha mlinzi. Vituo vyenu viwekeni mahali ambapo kuangalia mti hakulazimishi kuangalia dirisha.

Na kwa madirisha: wenye vioo vikubwa vinavyoakisi miti, waambieni wachore mistari au nukta kwa upande wa nje, zisipishane zaidi ya sentimita 5. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haisaidii, ndege hupita pembeni yake. Mdiria mdogo (*Ispidina picta*) husafiri usiku na hugonga vioo. Mkimwokota aliyezimia, boksi lenye matundu, kitambaa chini, giza, kimya, saa moja au mbili. Msimtie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Akianza kujikwangua ndani ya boksi, lifungueni nje karibu na kichaka.

---

Bi_Kunduchi

Marahaba mwanangu. Haya, maji wekeni, lakini iwe kwa zamu iliyoandikwa: jina la anayesugua kila asubuhi, na wiki akisafiri chombo kigeuzwe chini juu. Na hiyo hesabu ya kunguru kwenye majalala ifanyeni kabla ya vifuniko kununuliwa, vinginevyo hamtakuwa na cha kulinganisha.